Wachaga wa ughaibuni na Krismasi ya kuhesabiwa

Watanzania wana utani wa Desemba usiochuja: Wachaga wanaorudi Kilimanjaro kwa Krismasi eti wanakwenda kuhesabiwa. Foleni za Dar es Salaam zinapungua, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inatoa vibali vya mabasi ya ziada, treni ya Moshi iliyorudi Desemba 2019 baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20 inajaa hadi mlangoni, na makabila mengine yanabaki mjini yakicheka. Siku hizi utani huo una sehemu ya pili. Wapo Wachaga ambao hawaji kuhesabiwa. Wako Minnesota, Texas, Uingereza na Ujerumani, na kuanzia tarehe 24 wanaturushia picha za mtori (supu nzito ya ndizi na nyama) na ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), theluji ikionekana dirishani. Sababu za kutokuja zimezidi. Nauli ni ile ile ya kukata pumzi, likizo ni fupi, na tangu tarehe 1 Januari 2026 Marekani imewawekea Watanzania vizuizi vya viza, zikiwamo za masomo, kwa hiyo mwanafunzi ambaye viza yake imeisha muda ndani ya pasipoti anajua kwamba akitoka kwenda kusalimia wazazi hana uhakika wa kupata nyingine ya kumrudisha darasani. Ni wazi kwamba sufuria za mtori zitakazopikwa mbali na mlima zitaongezeka, na maneno juu ya sufuria hizo yameanza. Wengine wanacheka kwamba ule si mtori, ni uji wa ndizi za supamaketi. Wengine wanasikitika kwamba mila inafia ugenini. Kwa maoni yangu wote wanachungulia chungu ambacho hakina tatizo. Krismasi ya Uchagani ni sikukuu iliyotengenezwa na watu walioondoka, na kuipikia mbali ni kuendelea na jambo lililoanza zamani. Kinachoweza kupotea njiani ni mgawanyo: nani anapewa nini, na nani, na kwa nini yeye. Ladha itajitafutia njia yenyewe.

Tuanze na umri wa sikukuu hii, maana tunaizungumzia kana kwamba ilikuwapo tangu mlima ulipopoa. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1891, na Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Kabla ya hapo palikuwa na sherehe za mavuno, za jando, za kutambika, lakini tarehe 25 Desemba ilikuwa siku kama nyingine. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kahawa iliyoanzia kwenye bustani za misheni ikaingia kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba, wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao. Pesa ya kahawa ilijenga shule, na shule ikafanya kile ambacho shule hufanya kila mahali: ikawapa watoto sababu ya kuondoka. Makarani, walimu, manesi, madereva na wafanyabiashara walishuka mlimani kwenda Arusha, Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na Mwanza.

Ardhi nayo iliwasukuma. Kwa desturi mtoto wa kiume wa kwanza hutafutiwa kihamba chake, na kitindamimba hurithi nyumba ya baba. Wa katikati walikuwa wakipewa sehemu ambayo bado haijalimwa, na ilipofika wakati hakuna tena sehemu ambayo haijalimwa, wa katikati waliambiwa wakatafute. Wengi wa wale tunaowacheka kwenye stendi ya mabasi ni watoto na wajukuu wa hao wa katikati. Hawana kihamba cha maana mlimani, wana jina tu na kaburi la babu. Waliichagua Desemba kwa sababu za kawaida kabisa: ofisi zinafungwa, shule zinafungwa, kahawa kwa sehemu kubwa imeshavunwa na kulipwa. Kanisa likaja kuweka baraka juu ya ratiba ambayo tayari ilikuwa imepangwa na mwajiri. Kama Wachaga wote wangebaki mlimani, wangekuwa na ibada ya Krismasi na chakula kizuri, kama Wakristo wengine wote, na hakuna ambaye angewatania. Msafara ndio uliofanya sikukuu hii iwe kitu cha pekee, na msafara hauwezi kuwapo bila watu kuishi mbali.

Sasa tutazame kinachofanyika wakishafika, maana kwa mtu wa nje inaonekana ni kula na kunywa tu. Wiki moja kati ya Krismasi na mwaka mpya inabeba mambo ya mwaka mzima. Vipaimara, ubatizo na harusi hupangwa humo kwa sababu ndugu wapo. Kikao cha ukoo hukaa humo: nani anamuuguza bibi, mpaka wa mgomba ule wa chini umesogezwa na nani, mtoto wa marehemu baba mkubwa anasomeshwa na nani. Kijana huleta mchumba atazamwe. Mtu aliyegombana na kaka yake hupelekewa isale, lile jani ambalo mlimani ni vigumu sana kulikataa. Na katikati ya yote hayo kuna mbuzi, na pale kwenye mbuzi ndipo hesabu halisi inapofanyika.

Wanaume wa ukoo huchinja pamoja, na nyama haigawiwi kwa kilo. Kila sehemu ya mnyama ina mwenyewe. Taratibu hazifanani kati ya Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, na ukitaka kuanzisha ugomvi usioisha waulize wazee wa sehemu mbili tofauti kidari ni cha nani. Lakini kanuni iliyo chini ni moja: kipande unachopewa kinasema wewe ni nani kwa hawa. Mkubwa ana chake, aliyeoa ndani ya ukoo ana chake, mjomba anakumbukwa, akina mama wana zao, na wapo ambao hupelekewa nyumbani kwa sababu hawawezi kutembea. Mwanaanthropolojia Mmarekani Sally Falk Moore, aliyeanza utafiti wake Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1960, aliandika kwa kina juu ya uchinjaji huu wa ukoo na ugawaji wa nyama, na ukimsoma unaweza kudhani kwamba pale kwenye majani ya mgomba, nyama inapopangwa, kulikuwa na sheria zaidi kuliko mahakamani. Ukikosa kipande chako hujanyimwa nyama, umeambiwa neno. Ndiyo maana utani wa kuhesabiwa una ukweli kuliko wanaoutania wanavyodhani. Watu hawa kweli wanakwenda kuhesabiwa, na karatasi ya sensa ni mbuzi.

Tukiwa na hilo kichwani, hoja ya wanaocheka mtori wa Minnesota inaonekana nyepesi sana. Hoja yenyewe ni hii: mtori hupikwa kwa mshare, aina ya ndizi za kupika za mlimani, mshare hauko Marekani, kwa hiyo kinachopikwa kule ni maigizo. Ni kweli mshare hauko. Kinachopatikana ni ndizi mbichi za Ecuador au Guatemala, zile zile ambazo supamaketi huuza zikiwa za njano, isipokuwa hizi zimenunuliwa kwenye duka la Walatino au la Waasia kabla hazijaivishwa. Zikichemshwa hazilainiki kama mshare, zinaingia weusi kidogo, na mpishi mzoefu huongeza viazi ili uzito ukae sawa. London wanapata matoke ya Uganda, ambayo yako karibu zaidi. Kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, hakina shida, maharage yapo kila mahali. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ni kazi kidogo lakini inawezekana: ndizi zilizoiva sana zipo, ulezi upo kwenye maduka ya Wahindi, na sheria ya Marekani inaruhusu kaya yenye watu wazima wawili kujipikia hadi galoni 200 za bia kwa mwaka, kiasi ambacho hata Rombo kingetosha kumaliza msiba mkubwa. Kinachogoma ni msesewe, gome linaloipa mbege uchungu wake. Bila hilo kinywaji kinabaki kitamu kama togwa na wazee wanakitazama kwa mashaka.

Lakini je, mlimani kwenyewe chungu kilikuwa safi lini? Mgomba ulitoka Asia ya Kusini-Mashariki, ingawa umekaa Kilimanjaro muda mrefu kiasi kwamba ukimwambia mzee wa Kibosho hivyo atakuuliza umesomea wapi. Maharage ya kiburu, mahindi na viazi ni mazao ya Amerika. Ulezi na msesewe ndivyo vya Afrika tangu mwanzo, kwa hiyo kama kuna chakula cha Uchagani chenye haki ya kudai usafi wa asili, basi kinachokaribia ni pombe, ingawa nayo ina ndizi, na sidhani kama hilo ndilo maaskofu wangependa nilisisitize. Mshare nao una matatizo yake nyumbani: ugonjwa wa mnyauko unaotokana na kuvu wa udongoni huushambulia, na kuna vihamba ambavyo vimeanza kupanda aina nyingine. Mtori ni namna ya kupika ndizi na nyama hadi ziwe kitu kimoja, na namna hiyo husafiri vizuri. Mama wa Kichaga aliyehamia Mwanza miaka ya 1970 alipika mtori kwa ndizi alizozikuta sokoni, na hakuna aliyemwambia anaigiza.

Kuna kinyume kimoja ambacho wanaocheka hawakioni. Nenda leo mlimani siku ya Krismasi utazame sahani za watoto waliotoka Dar es Salaam. Ni pilau, kuku, chipsi na soda. Pilau ya pwani imeshaichukua sikukuu ya Tanzania nzima, Uchagani ikiwamo, na mtori umesogezwa ukawa chakula cha asubuhi au cha mzazi aliyejifungua. Kiburu kinatajwa kwa heshima na kuliwa na wachache. Kule ugenini hali imegeuka. Pilau wanakula kila wikiendi kwenye kila shughuli ya Watanzania, kwa hiyo siku ya Krismasi Mchaga anatafuta kitu kitakachomtofautisha, na anakwenda hadi kwenye kiburu chenye magadi ambacho mama yake Moshi mjini hajakipika miaka. Sisemi hilo ni jambo la kishujaa. Mtu akiwa mbali hushika kilicho chake kwa nguvu zaidi kwa sababu hakuna anayekishika kwa niaba yake. Ila ni ajabu kumsikia mtu anayekula chipsi Marangu akimwambia anayekula kiburu Houston kwamba amepoteza asili.

Upande wa pili nao una hoja yake, na kwa kuwa inapendeza masikioni huwa haipingwi. Inasema: nyumbani ni popote palipo na chakula cha nyumbani, ukipika mtori umefika Moshi. Hii nina shida nayo zaidi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ya bucha. Nyama ya mbuzi Ulaya na Marekani hupatikana hasa kwenye bucha za Waislamu, Wasomali na Wapakistani, na ni nyama nzuri. Lakini utaratibu wa bucha hizo ni kumpitisha mbuzi kwenye msumeno wa umeme na kumkata vipande vya ukubwa wa kiganja, mfupa kwa nyama, vyote vikachanganyika ndani ya mfuko mmoja. Ukifungua mfuko huo huwezi kujua kidari kilikuwa wapi na bega lilikuwa lipi. Damu nayo haipo kabisa, maana mnyama wa halali hutolewa damu na damu yenyewe ni haramu, kwa hiyo kisusio na mlaso, vyakula vyetu vya damu, vimefutwa kwenye orodha bila mtu yeyote kuamua kuvifuta. Supu inayotoka humo ni tamu. Ila yule mbuzi hawezi tena kuhesabu watu. Kila mtu anachota kwa kijiko kikubwa, wa kwanza kufika anapata minofu, wa mwisho anapata mchuzi, na mzee wa miaka 70 aliyekuja kumtembelea mwanawe anapanga foleni na sahani ya karatasi nyuma ya vijana wa chuo. Mtori umefika Houston. Moshi bado.

Niliwahi kukaa kwenye meza ya namna hiyo, na hakuna aliyekuwa na kosa. Watu walikuwa thelathini na kitu, Wachaga wakiwa nusu tu. Waliobaki walikuwa Wahaya, Wasukuma, familia ya Kizanzibari iliyokuja kwa ujirani. Ukoo hapo ungehesabiwa vipi? Marafiki walioletwa pamoja na kazi hawana mkubwa wala mdogo, hawana mjomba. Na bado mwenyeji wetu, mwanamke anayefanya kazi ya kutunza wazee, kabla hajaruhusu mtu yeyote kuchota alitenga mabakuli matano ya plastiki yenye mifuniko. Yalikuwa ya watu waliokuwa zamu. Krismasi kwenye hospitali na nyumba za wazee hufanyiwa kazi na wahamiaji, kwa kuwa malipo ya siku hiyo ni makubwa na kwa kuwa wenyeji wanataka kuwa makwao. Aliyatenga kwa majina, na hayakuwa sawa: la mtu mwenye watoto lilikuwa kubwa, la aliyefiwa mwezi ule lilikuwa na nyama nyingi. Hakuna aliyempangia. Nadhani yale mabakuli yalikuwa ya Kichaga kuliko ndafu nzima iliyopambwa kwa majani na kupigwa picha.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya ninachosema hutolewa na wazee waliobaki, na haihusu chakula. Inahusu kihamba. Panda barabara yoyote ya mlimani mwezi wa Machi uhesabu nyumba nzuri zilizofungwa, zenye vigae vya rangi na geti la chuma, ambazo ndani yake analala kijana wa kazi na mbwa. Pembeni kuna nyumba ya zamani, na humo yumo bibi. Wazee wanasema: mnaweza kugawana nyama Marekani mnavyotaka, lakini mgomba haupaliliwi kwa WhatsApp, mfereji wa maji unataka watu wa kuusafisha, na mtoto ambaye hajawahi kuoneshwa kaburi la babu yake hatakuja kulitafuta akiwa na miaka 40. Hili siwezi kulijibu na sitajaribu. Wachaga huzikwa kihambani, na hilo linaifanya ardhi yao iwe kitu tofauti na shamba. Mtoto aliyezaliwa Stuttgart anaweza kupenda mtori kuliko baba yake na asijue kaburi lipo upande gani wa nyumba.

Ninachoweza kusema ni kwamba kurudi kimwili peke yake hakulindi kitu hicho kama tunavyojidanganya. Desemba ya mlimani imepata tabia zake. Kuna ambao huja siku nne, wakakodi gari kubwa kuliko uwezo wao, wakanunua kreti za bia kwenye baa ya njiapanda, wakaingia kwa mama saa mbili usiku na kuondoka alfajiri. Kuna ambao wameacha kuja kabisa kwa sababu hawana fedha ya kuonekana wamefanikiwa, hata wakiwa Ubungo tu, si Ulaya. Mwaka wenye biashara mbaya mtu anasema amebanwa na kazi, na kila mtu anaelewa. Sikukuu iliyoanzishwa na watoto wa katikati wasio na ardhi imekuwa mahali ambapo asiye na kitu anaona aibu kufika. Mtu wa namna hiyo, akipelekewa bakuli lake la plastiki Minnesota na mtu anayejua shida zake, amehesabiwa kuliko yule aliyelala kwenye baa ya njiapanda.

Katikati ya hizi pande mbili kuna jambo linalokua ambalo sioni likijadiliwa. Waliobaki ugenini hawatumi picha tu, wanatuma mbuzi. Fedha inaingia kwenye simu ya kaka au ya binamu Rombo, mbuzi ananunuliwa mnadani, anachinjwa tarehe 26 mbele ya kamera ya simu, na mtumaji anaangalia akiwa jikoni kwake saa kumi na mbili asubuhi. Kisha linakuja swali ambalo wazee hawakulirithi likiwa na jibu: kipande chake apewe nani? Familia zinajibu tofauti. Kuna wanaompa mama yake, kuna wanaompa mtoto wake aliyebaki kwa bibi, kuna wanaokiweka kwenye friji na kumtania kwenye simu kwamba akija atakikuta. Kuanzia mwaka 2026 Marekani pia inakata kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma fedha nje kwa kulipa taslimu, ingawa anayetumia akaunti ya benki au kadi haguswi, kwa hiyo anayeumia ni yule wa chini kabisa, ambaye hana akaunti kwa sababu hana makaratasi. Kwa vyovyote mbuzi atanunuliwa. Wizara ya Mambo ya Nje ilieleza mwaka 2023 kwamba fedha zilizotumwa na diaspora zilifika dola bilioni 1.1 mwaka 2022, kutoka dola milioni 569.3 mwaka uliotangulia, na kila mara takwimu hizo zikitajwa zinatajwa kama mtaji wa uwekezaji. Sehemu ya fedha hizo ni kwato na pembe, na aliyezituma hakutegemea faida. Alikuwa analipia nafasi yake kwenye jani la mgomba.

Hapa ndipo sheria yetu inapomkosa mtu huyu. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine anapoteza wa kwetu, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipotungwa ilimnyima asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kenya iliruhusu uraia pacha kwenye katiba ya mwaka 2010. Sisi tumekuja na mpango wa Hadhi Maalumu badala yake, kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa kwingine. Mjadala wa hadhi hiyo umetawaliwa na maneno ya nyumba za kupangisha, hisa na akaunti za benki. Mtu wa Uru aliyechukua uraia wa Marekani ili aweze kumleta mke wake hana haja ya kuwekeza Uru. Anataka kujua kama atazikwa kwenye kihamba alichozaliwa, na kama mwanawe anaweza kukirithi bila kwenda kwa wakili. Serikali inayotaka kuelewa uhusiano wa diaspora na nyumbani ingejifunza mengi kwa kuuliza nani alitenga kipande cha nani Desemba iliyopita, ingawa nakubali hilo si swali rahisi kuliweka kwenye fomu.

Limebaki jambo moja ambalo naona litaleta mabadiliko makubwa kuliko mshare, msesewe na viza vyote pamoja. Mlimani, mchinjaji na mgawaji ni mwanamume, na ardhi ilikuwa ikipita kwa wanaume. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilimpa mwanamke haki sawa, lakini ukoo ulichelewa kuzisoma. Ugenini, anayeandaa Krismasi mara nyingi ni mwanamke. Ndiye anayeagiza mbuzi, na akiwa mjanja anamwambia mwenye bucha asimpitishe kwenye msumeno, amwachie mzima, atamkata mwenyewe kwa kisu kwenye viungo. Ndiye anayejua nani yuko zamu. Ndiye pia, mara nyingi, anayetuma fedha ya mbuzi wa Rombo, kwa kuwa manesi na watunza wazee wanaopata mshahara wa uhakika ni yeye na dada zake. Binti huyo kwa desturi ameolewa nje, na kipande chake kilitakiwa kiwe kwa ukoo wa mumewe. Sasa amenunua mbuzi mzima, kaka zake wanne wamesimama kumzunguka mnyama wakiwa na visu, simu imeegemezwa kwenye mgomba ili aone, na yeye anauliza cha kwake ni kipi. Wazee watakaotoa jibu zuri kwa swali hilo watakuwa na Krismasi ya kuhesabiana kwa miaka mingine mia, Rombo na Houston. Watakaomwambia asubiri kidogo kwanza waulizane, wajue kwamba yule mwenye bucha wa Houston anafunga saa tatu usiku, na mbuzi wake hauzi kwa ukoo.